Uzoefu wangu: eti virusi "imekula mazabodi"

Kabla hujapeleka laptopu yako kwa mafundi wa duka fulani la Kariakoo, soma hapa kwanza. Silitaji jina, maana hata sasa sijui kama nawasifu au nawashitaki.

Nina steshenari karibu na chuo, kwa hiyo flashi za wanafunzi zinaingia kutwa nzima na kila moja ina uchafu wake. Virusi vya shotikati, vile vinavyoficha mafaili, havinitoi jasho. Safari hii mambo yalikuwa mengine. Laptopu ya kazi ilianza kunguruma kama jenereta hata nikiwa sijafungua kitu, inachemka, halafu inajizima katikati ya kuprinti. Nikairudisha kwa hao hao walionipigia windo, yaani walioniwekea Windows, miezi kadhaa nyuma.

Bosi hakuiwasha. Narudia: hakuiwasha! Aliigeuza, akaigusa chini, akasema, "Mama, hapa virusi imeshakula mazabodi. Laki tatu na nusu, acha nusu tuagize." Nikamuuliza kirusi kinakulaje mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Akamtazama mwenzake, wakacheka. "Haya ni ya kitaalamu mama, utaumiza kichwa bure."

Mimi kompyuta nimeanza nazo enzi za Windows 98. Nakikumbuka CIH, kirusi cha Chen Ing-hau, mwanafunzi wa Taiwan, kilicholipuka tarehe 26 Aprili 1999 kikavuruga BIOS, ile programu ndani ya chipu inayoiamsha mashine, mashine zikagoma kuwaka. Hata hicho hakikuunguza chochote: kilifuta maandishi ndani ya chipu, na chipu ikiandikwa upya mashine inafufuka. Sasa laptopu yangu inawaka, Word inafunguka, mazabodi imeliwa upande gani?

Mchana bosi akaenda kula. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye stuli mlangoni akanisogelea. "Shikamoo mama. Hebu niione." Akaiwasha, akafungua Task Manager, panapoonyesha kinachofanya kazi ndani ya mashine. Prosesa, ubongo wa mashine, asilimia 100, na hakuna programu niliyofungua! Kulikuwa na kidudu kimejificha kinachimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu nisiyemjua, kwa LUKU yangu. Ndicho kilichoichemsha, na vumbi lililoziba njia ya hewa likaongezea. Kujizima kwenyewe, akanieleza, ni mashine inajiokoa prosesa isiungue. Akakata intaneti, akaendesha skani ya Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, ile ya ofulaini inayofanya kazi kabla Windows haijaamka, akafuta na ratiba iliyokuwa inakirudisha kidudu kila nikiwasha. Hakupoteza hata faili langu moja. Ngurumo ikakata. Hapo moyoni nilishawapa nyota nne. Kila duka lina mtu wake mwenye mdomo.

Nikamuuliza kijana kiliingilia wapi. Akainamisha uso. Kwenye folda moja kulikuwa na kraki ya Windows (kiprogramu cha kuitumia bila kulipia), zile unazoambiwa uzime antivirusi kwanza ndipo ikubali. Tarehe ya faili: siku ile ile waliyonipigia windo. Ni wao! Hela yangu mwenyewe ndiyo iliyoleta ugonjwa. Tena walikuwa wameiagiza Defender isiiguse folda hiyo, ndiyo maana muda wote huo haikupiga kelele. Kijana alianza kwa kuifuta amri hiyo ndipo skani ikaona kitu. Na hawa hawa ndio wanataka laki tatu na nusu ya mazabodi!

Bosi akarudi. Pole hakuna, samahani hakuna. Akataka naye aonekane anafanya kazi: akafungua kifuniko, akashika blowa kubwa, akapuliza huku feni inazunguka kwa nguvu zote za upepo ule. Feni unaizuia na kijiti kwanza, jamani, usiue beringi! Kuanzia siku hiyo inakwaruza. Kwa hiyo kifaa pekee kilichoharibika kwenye laptopu yangu kimeharibiwa na fundi, na elfu ishirini ya "kusafisha" nikalipa, maana mashine ilikuwa mikononi mwake.

Nilimpigia simu kuhusu feni. Akanijibu, "Mama, hayo ni mabaki ya virusi."

Nyota moja. Nilitaka kuandika sifuri, ila kijana yule hana kosa. Ukilazimika kwenda, nenda saa ya chakula cha mchana, bosi akiwa hayupo.