Taa ya mbele ya treni ya mfano: ununue nini kuondoa ubuluu

Ukiwa na injini ya mfano ya mvuke ya miaka ya 1950, imepakwa rangi vizuri na kila ngazi iko mahali pake, kisha ukaiwasha ikatoa mwanga mweupe wenye ubuluu kama tochi ya simu, uzuri wote unapotea. Sisi tuliopelekwa utotoni kituoni Mombasa kuitazama treni ya usiku ya Nairobi ikiondoka tunaikumbuka rangi ya taa ile: manjano laini, kama samli iliyoyeyuka. Hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Ubuluu una chanzo chake. Ndani ya LED nyeupe mna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa buluu, juu yake pamepakwa fosfori inayogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa manjano. Fosfori ikiwa haitoshi, buluu inashinda. Wengi hudhani wakipunguza umeme rangi itarekebika. Balbu ya zamani ndiyo huwa nyekundu-nyekundu umeme ukipungua. LED hufifia tu, na ubuluu wake unabaki.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni kung'oa LED iliyomo na kuweka ya mwanga wa joto, yaani mweupe wenye umanjano. Nunua kwa namba, usinunue kwa jina: tafuta 2700K hadi 3000K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikiwa ndogo, umanjano unazidi). Niliwahi kuagiza kumi zilizoandikwa tu kuwa ni za mwanga wa joto, bila namba, na zilipofika zilikuwa nyeupe vilevile. Kama nafasi ni kubwa, chukua ya duara ya milimita 3. Kama ni finyu, chukua ya vipimo vya 0603, yenye urefu wa milimita 1.6 na upana wa 0.8. Zinunue za pakiti moja, kwa sababu pakiti mbili zinaweza kutofautiana rangi, na utaiona tofauti hiyo taa mbili zikikaa pamoja. Usisahau rezista, kile kipande kinachopunguza umeme unaofika kwenye LED. Kwa umeme wa volti 12 anza na ya omu 1000. Mwanga ukizidi, panda hadi 2200 au zaidi. LED ikiunganishwa bila rezista huungua papo hapo. Kama injini yako ina dikoda ya DCC, kipande cha kielektroniki kinachopokea amri za kidijitali za kuiendesha, soma kwanza maelezo yake, maana nyingine zina rezista ndani tayari. Kama mkono wako hauko imara kwenye kulehemu, mpelekee fundi wa simu. Vipande vidogo hivyo ndiyo kazi yake ya kila siku.

Na ukiwa hapo kwa fundi, mwombe kipande cha chaguo la pili: ule utepe mwembamba wa rangi ya kaharabu, Kapton. Kata kipande kidogo, bandika juu ya uso wa LED, washa, tazama. Ubuluu ukibaki, ongeza tabaka la pili. Mwanga unapungua kidogo, lakini hujakata waya wowote, na usipoipenda unabandua. Kwa injini ya bei kubwa ambayo hutaki kuigusa na chuma cha lehemu, mimi ningeanzia hapa.

La tatu ni rangi angavu ya Tamiya, X-24 ya manjano au X-26 ya machungwa. Paka LED yenyewe, uiache lenzi, na tabaka ziwe nyembamba. Ya machungwa ikizidi kidogo tu, taa inakuwa kama kaa la moto. Huku kwetu, wakati wa masika, rangi hukawia kukauka, kwa hiyo ipe siku nzima kabla ya kufunga bodi, yaani ganda la nje la injini.

Balbu ndogo za zamani, zenye waya unaowaka ndani, naziweka la nne. Rangi yake ni ya kweli kabisa, lakini zina joto la kuharibu plastiki na huungua.

LED ya manjano usinunue. Inatoa manjano matupu, na injini itaonekana imebeba taa ya ishara.

Injini za kisasa ambazo taa zake halisi ni nyeupe ziache zilivyo. Nyinginezo, ukimaliza kazi, zima taa za chumba uiwashe: mwanga ukipenya ubavuni mwa bodi, paka rangi nyeusi kwa ndani.