La Posa, Quartzsite: kambi ya magari-nyumba jangwani, na unachopata kwa ada yake

Kila Januari mji wa Quartzsite, magharibi mwa Arizona, wenye wakazi elfu mbili na kitu tu, hufurika magari-nyumba na trela kutoka kila upande wa Marekani na Kanada. Wengi hupiga kambi kwenye ardhi ya umma, na sehemu inayotajwa zaidi ni La Posa, ekari zipatazo 11,400 kusini mwa mji, chini ya BLM, idara ya serikali ya shirikisho inayosimamia ardhi hiyo. Ukikusudia kukaa zaidi ya wiki mbili, lipia La Posa bila kusita. Ukipita siku chache na matangi yako ni makubwa, maeneo ya bure yanatosha.

Kibali cha msimu, Septemba 15 hadi Aprili 15, kimekuwa dola 180 kwa miaka mingi, na cha siku 14 mfululizo dola 40. Thibitisha bei ya msimu wako kwa ofisi ya BLM ya Yuma kabla ya kuondoka. Vibali vinne vya siku 14 ni dola 160, na cha tano kinakufikisha 200, kwa hiyo anayejua atazidisha siku 56 achukue cha msimu tangu mwanzo. Kibali hicho hicho kinakubalika Imperial Dam karibu na Yuma na kwenye maeneo mengine ya aina hii upande wa California, hivyo unaweza kuhama bila kulipa tena.

Maeneo ya bure kama Plomosa Road, Dome Rock na Scaddan Wash yanakuruhusu siku 14 tu katika kila siku 28. Hayana maji, hayana pa kumwaga taka za choo wala pa kutupa takataka. Kila ukijaza na kumwaga mjini unalipa, na kila safari ni kufunga kambi nzima na kuifungua upya. Ndiyo maana tunasema ada ya La Posa ni ya maji na bomba la kumwagia. Nafasi yenyewe ya kuegesha jangwa linayo tele.

La Posa imegawanyika sehemu nne: North, South, West na Tyson Wash. North iko karibu zaidi na mji na hema kubwa la maonyesho ya magari-nyumba ya Januari, kwa hiyo ndiyo yenye vumbi na kelele kuliko nyingine. South ndiyo yenye bomba la maji na sehemu ya kumwagia, na kwa maoni yetu ndiyo ya kuchagua. Egesha mbali kidogo na lango, kwa sababu foleni ya magari hapo huanza asubuhi. Usiweke gari ndani ya korongo hata kama mchanga wake ni laini na miti yake ina kivuli kizuri. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka kwa kasi pasipo na hata wingu juu ya kambi.

Sheria moja huwashangaza wenye magari madogo. Gari linahesabiwa kuwa linajitegemea likiwa na tangi la maji machafu lililofungwa humo kwa kudumu, lisilopungua lita 38. Choo cha kubebeka hakihesabiki. Asiye na tangi hilo, pamoja na mwenye hema, anapaswa kukaa ndani ya mita 150 kutoka vyoo vya umma. Maji ya kuoshea vyombo nayo hayamwagwi chini, hata yakiwa na sabuni kidogo tu.

Maji ndiyo yanayoamua utakaa siku ngapi bila kusogea. Watu wawili wakitumia lita 10 kila mmoja kwa siku, tangi la lita 150 ni wiki nzima. Wakioga kama wako nyumbani, halifiki siku tatu, na tangi la maji ya kuoshea linajaa kabla ya lile la choo. Osha vyombo ndani ya beseni, kisha tumia maji hayo kusukumia choo, nawe utapata siku mbili au tatu zaidi. Unapomwaga, vaa glavu, fungua kwanza vali ya tangi la choo, subiri liishe kabisa, kisha fungua ya maji ya kuoshea ili yasafishe mpira wa kumwagia. Bomba la kusuuzia lililo hapo si la kunywa, na mpira wa maji ya kunywa usiguse huko kamwe. Jumapili foleni ni ndefu. Katikati ya wiki mchana unamaliza upesi.

Kuhusu umeme, wengi hukosea hesabu ya jua la Januari. Saa sita mchana jua liko kama nyuzi 35 tu juu ya upeo, kwa hiyo paneli iliyolala juu ya paa hupokea kama asilimia 57 ya mwanga wa moja kwa moja ambao ingepokea ikiwa imelielekea jua. Inua paneli hadi nyuzi 55 zielekee kusini, na hakikisha zimefungwa imara, kwani upepo wa hapa huzing'oa. Hita yenye feni hunyonya kama ampea 7 kila inapowaka, na usiku wenye baridi ya nyuzi 4 au 5 za Selsiasi inawaka mara nyingi. Ndiyo inayoziua betri za asidi ambazo hazipaswi kushuka chini ya nusu. Hita ya gesi isiyo na feni huokoa betri, lakini inataka dirisha lililo wazi kidogo na king'ora cha kaboni monoksaidi kinachofanya kazi.

Sasa kinachowaleta watu: kukutana na kupeana habari za safari. Mkutano wa Rubber Tramp Rendezvous, aliouanzisha Bob Wells mwaka 2010, ndio uliowavuta wengi wanaoishi kwenye magari, na mafunzo yake ni ya bure. Wapenzi wa redio za kuwasiliana wana mkutano wao, QuartzFest. Nje ya hiyo kuna vikundi vingi visivyo na tangazo lolote zaidi ya bendera kwenye mlingoti mrefu na kibao cha mkono barabarani. Njoo na kiti chako, kikombe chako na chakula cha kuweka mezani. Kuni nunua mjini, maana kuokota ndani ya La Posa ni marufuku, na mti wa asili kama mesquite au ironwood hauruhusiwi hata kuwa nao. Kuanzia saa nne usiku ni kimya hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Mazungumzo ya kando ya moto yanafaa sana pale msimulizi anapotoa vitu vinavyoweza kufuatwa: mahali palipo kwenye ramani, urefu wa gari lake kutoka chini, tarehe aliyopita, maji ya mwisho yako wapi, na pa kugeuzia trela pako wapi. Muulize hayo kabla hajaondoka. Pakua ramani usiku wa manane au alfajiri, kwa sababu Januari jioni mtandao wa simu huelemewa kabisa.

Safari ya kwanza inayopendekezwa karibu kila kikundi ni Palm Canyon katika hifadhi ya Kofa: kilomita 29 hivi kusini kwa barabara ya 95, kisha changarawe ambayo gari la kawaida hupita polepole, halafu mita 800 za kupanda kwa miguu. Fika karibu na saa sita mchana. Mitende ya asili imejibana ndani ya ufa mwembamba wa mwamba, na jua huimulika kwa muda mfupi tu. Nje ya saa hiyo utaona kivuli cheusi. Beba chanuo, si kwa nywele: kipande cha cholla, aina ya mdungusi wenye miiba mikali, kikikunasa mguuni, ingiza chanuo kati yake na ngozi ukirushe. Ukikishika kwa vidole, kinahamia mkononi.

Anayependa utulivu kuliko maonyesho aje Novemba, au asubiri katikati ya Februari: maji ni yale yale, kibali ni kile kile, na kwenye sehemu ya kumwagia hutasubiri sana.