Uzoefu wangu wa kusaka filamu za katuni za dunia: wapi pa kuanzia na toleo gani la kuchukua

Filamu za katuni za nje ya Hollywood nazitafuta kwa njia nne: huduma kubwa za kutiririsha zinazolipiwa kwa mwezi, maktaba ya mtandaoni ya National Film Board ya Kanada, chaneli rasmi za studio kwenye YouTube, na diski. Filamu zipo tele kuliko watu wanavyodhani. Tatizo ni toleo. Mara nyingi unaloletewa limekatwa juu na chini, limeongezwa kasi, au manukuu yake, yaani maandishi ya tafsiri chini ya skrini, yanasema mengine kabisa. Kwa hiyo kila njia naipima kwa mambo mawili: inanifikisha kwenye kazi ambayo nisingeijua, na inanipa kazi hiyo ikiwa nzima?

Kwa hilo la kwanza, sijaona ya kuishinda National Film Board. Ni taasisi ya umma iliyoanzishwa mwaka 1939, na tovuti yake inaonyesha maelfu ya filamu bure. Nyingi za katuni hazina maneno, au yapo machache, hivyo lugha haikuzuii. Anza na Neighbours ya Norman McLaren (1952), dakika nane tu. Watu halisi wamepigwa picha fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, kama vikaragosi, wakigombea ua moja lililoota mpakani mwa viwanja vyao, na muziki umetengenezwa kwa kukwaruza ukingo wa mkanda wenyewe wa filamu. Usiwawekee watoto wadogo, maana mwisho wake ni wa ukatili. Kisha tazama The Street ya Caroline Leaf (1976). Leaf alipaka rangi juu ya kioo chini ya kamera, akapiga picha, akafuta kidogo, akapaka tena, na hivyo uso wa bibi unageuka kuwa chumba na chumba kuwa barabara bila mkato wowote. Ukitaka mchanga badala ya rangi, ipo The Sand Castle ya Co Hoedeman (1977), iliyopata Oscar. Kasoro ya tovuti hii ni kwamba filamu ndefu za katuni ni chache na baadhi ya kazi huonekana Kanada tu. Tafuta kwa jina la mwongozaji, si kwa mada. Utafika mbali zaidi.

Huduma kubwa za kulipia zina picha safi na utafutaji dhaifu. Haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi, kwa hiyo orodha ya rafiki aliye kwingine isikupe matumaini. Filamu za Studio Ghibli ya Japani zilipoanza kutiririshwa mwaka 2020, nchi nyingi zilizipata Netflix, ilhali Marekani zilikwenda HBO Max. Grave of the Fireflies (1988) ilisubiri hadi 2024 kuingia Netflix nje ya Japani, kwa kuwa haki zake hazikuwa kwenye furushi lile.

Majina nayo yanapoteza watu. Filamu ya Kifaransa Les Triplettes de Belleville (2003) Marekani inaitwa The Triplets of Belleville na Uingereza Belleville Rendez-vous. Ma vie de Courgette (2016) ni My Life as a Zucchini upande mmoja wa bahari na My Life as a Courgette upande wa pili. Ndiyo maana sianzi na kisanduku cha kutafutia cha huduma yenyewe. Nachukua kwanza orodha ya washindi wa tamasha: Annecy ya Ufaransa, iliyoanza 1960, ndiyo nzito kuliko zote, na Zagreb (tangu 1972) na Ottawa (tangu 1976) zina nguvu sana kwenye filamu fupi. Kisha naandika jina la asili, halafu la Uingereza, halafu la Marekani, na mwisho jina la mwongozaji. Nikikosa vyote, natafuta studio. Aliyependa Song of the Sea (2014) ya Cartoon Saloon, studio ya Kilkenny nchini Ireland, atapata mengi zaidi kwa kufuata kazi za studio hiyo kuliko kwa kubofya mapendekezo ya mashine, ambayo humrudisha kwenye zilezile zinazotazamwa na kila mtu.

Usijifungie kwenye kundi la "watoto na familia" pia. Flee ya Denmark (2021) iliteuliwa kwa Oscar katika makundi matatu kwa mpigo: katuni, filamu za hali halisi na filamu za kimataifa. Unaweza kuikuta rafu yoyote. Persepolis (2007) na Waltz with Bashir (2008) nazo hupangwa kokote. Kwa kazi za Afrika, Kizazi Moto: Generation Fire (2023) iliyoko Disney+ ni mlango mzuri, kwa sababu ni filamu fupi kumi za waongozaji tofauti, na kutoka hapo unamfuata mmoja mmoja. Kwa mfano, aliyeongoza Enkai ni Mkenya Ng'endo Mukii, na kazi yake ya awali, Yellow Fever (2012), inachanganya mahojiano, watu halisi na michoro kwa ujasiri ambao filamu ndefu nyingi hazina.

Sasa manukuu, na hapa ndipo watu huibiwa bila kujua. Manukuu ya Kiingereza yako ya aina mbili: yaliyotafsiriwa kutoka lugha ya asili, na yaliyonakiliwa kutoka sauti ya Kiingereza iliyoingizwa baadaye. Sauti ya kuingizwa hubadilisha maneno ili yaendane na midomo, na mara nyingi hujaza maneno mahali ambapo mwongozaji aliacha kimya. Huduma moja ninayolipia iliwahi kuweka filamu ya Kijapani yenye manukuu ya aina ya pili peke yake, na mandhari ya kimya yakawa yamejaa porojo. Kuyagundua ni rahisi. Weka sauti ya asili, tazama dakika kumi. Mhusika akiwa kimya au amegeuka mgongo na maandishi yanaendelea, umepewa nakala ya sauti iliyoingizwa. Fungua orodha yote ya manukuu: pakiwa na mistari miwili ya Kiingereza na mmoja una alama ya CC (maandishi ya wasiosikia, hunakiliwa kutoka sauti), jaribu ule usio nayo. Sauti ya kuingizwa yenyewe siidharau, kwa mtoto asiyejua kusoma ni neema. Na ukitaka kukwepa suala lote, zipo filamu ndefu zisizo na mazungumzo kabisa: The Red Turtle (2016), Robot Dreams (2023), na Flow ya Latvia (2024), iliyotengenezwa kwa Blender, programu ya bure, ikashinda Oscar.

Kabla ya kulaumu filamu, kagua runinga. Filamu hukimbia fremu 24 kwa sekunde, lakini katuni nyingi za kuchora kwa mkono zina michoro 12 tu kwa sekunde, kila mmoja ukikaa fremu mbili. Runinga ya kisasa hudhani hapo pana upungufu na kubuni picha za katikati. Matokeo yake mistari inayumba, vidole vinayeyuka, na vikaragosi vinateleza kana kwamba vimepakwa mafuta. Zima kipengele hicho: kwenye Samsung tafuta Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Runinga ikiwa na Filmmaker Mode, iwashe, inazima yote kwa pamoja. Hapo hapo hakikisha ukubwa wa picha haujawekwa "zoom". Filamu ya zamani ya 4:3 (umbo la karibu mraba) ikivutwa ijaze skrini pana ya 16:9 inapoteza robo ya kimo chake, na kinachokatwa ni miguu na anga, vitu ambavyo mchoraji alivipanga kwa makusudi.

YouTube inafaa pale tu chaneli inapokuwa ya studio yenyewe. Soyuzmultfilm ya Moscow, iliyoanzishwa 1936, ina chaneli yake, na humo tafuta Hedgehog in the Fog ya Yuri Norstein (1975), dakika kumi. Ukungu wake ulitengenezwa kwa karatasi nyembamba iliyolazwa juu ya picha na kuinuliwa taratibu, fremu kwa fremu, kuelekea kamera. Kwenye 480p mpito huo laini wa kijivu unavunjika kuwa vipande vya mraba na filamu imekufa. Ichukue kwa 1080p au iache kwanza. Ukiwa na data kidogo, tazama kazi za vivuli na za karatasi zilizokatwa, maana rangi bapa huvumilia video ikigandamizwa ili iwe ndogo. The Adventures of Prince Achmed ya Lotte Reiniger (1926), filamu ndefu ya katuni ya zamani kuliko zote zilizosalia, inabaki nzuri hata kwenye skrini ndogo. Ila epuka nakala za nyeusi na nyeupe zilizobandikwa muziki wowote uliopatikana: toleo lililorekebishwa lina mandhari ya nyuma yenye rangi na muziki wa Wolfgang Zeller ulioandikiwa filamu hiyo.

Diski nazinunua kwa kazi ambazo mtandao unaziharibu. Fehérlófia ya Marcell Jankovics wa Hungaria (1981), maarufu kwa jina la Son of the White Mare, imefanyiwa urekebishaji wa 4K kutoka negativu ya asili, na rangi zake ni kali kiasi kwamba mtiririko dhaifu huzitia michirizi. Kabla ya kulipia, soma kanda, yaani herufi ya eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa. Blu-ray ya Ulaya, Afrika na Australia ni B, ya Amerika na Japani ni A, na mashine ya kawaida haisomi ya kanda nyingine isipokuwa diski haina kizuizi.

DVD za PAL (mfumo wa runinga wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika) zina ugonjwa wao: fremu 24 huchezwa kama 25, filamu inaenda haraka kwa asilimia 4, ya dakika 100 inaisha kwa 96, na sauti inapanda kidogo. Hii ndiyo sababu faili la manukuu lililoandaliwa kwa toleo jingine huanza sawa kisha linaachwa nyuma, dakika mbili na ushei kwa kila saa. Kubonyeza G na H kwenye VLC, programu ya kuchezea video, hakutatui, maana vitufe hivyo husogeza maandishi yote kwa kiasi kilekile. Fungua faili kwenye Subtitle Edit, programu ya kuhariri manukuu, chagua kubadilisha kasi ya fremu kutoka 24 (au 23.976, kama toleo la asili lilikuwa hivyo) kwenda 25, linganisha mstari wa kwanza na wa mwisho, kisha hifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote) ili herufi zenye alama za Kihungaria au Kicheki zisigeuke maswali.