Seti ya sarafu nne, ganda na zulia: uzoefu wangu nikiwa Lamu

Nimeitumia seti hii tangu kaskazi, na sasa kusi imeshika, kwa hiyo naweza kuisema vizuri. Ndani ya kifurushi mna sarafu nne za nusu dola ya Marekani, ganda moja (sarafu yenye uwazi ndani, nitaieleza mbele), zulia dogo la kufanyia viinimacho, na video za mafunzo unazofungua kwa simu. Niliinunua kwa ajili ya mchezo mmoja tu: sarafu nne zinahama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, moja baada ya nyingine, na mikono haikutani. Nilikuwa naufanya kwa shilingi ishirini zetu, wageni wa hoteli ya Shela ninakohudumia meza wakiupenda. Nilitaka uwe safi kiasi kwamba hata aliyeuona jana akiutazama tena leo asione kitu.

Nianze na sarafu zenyewe, maana hizo ndizo zilizonibadilisha mkono. Nusu dola ina upana wa milimita 30.6 na uzito wa gramu 11.34. Shilingi ishirini, ile mpya yenye ndovu, ni ndogo zaidi, na hapo ndipo ilipokuwa taabu. Msingi wa kazi hii ni kubana sarafu katikati ya kiganja, kati ya nyama ya shina la gumba na nyama ya upande wa kidole cha mwisho, vidole vyote vikibaki huru kushika kikombe au kumpa mtu mkono. Sarafu ndogo unalazimika kuikazia kiganja. Ukikaza, gumba linajichomoza, na mkono unaonekana una siri hata kabla hujafanya lolote. Nusu dola inakaa yenyewe. Siku hizi naibana na kutembea nayo Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kutoka mwanzo hadi mwisho, nimebeba kikapu, naamkiana na watu, na mkono umelegea.

Zangu ni za Kennedy, zenye sura ya rais huyo wa Marekani. Hizo zilianza kupigwa 1964, na za mwaka huo ni fedha asilimia 90. Za 1965 hadi 1970 zina fedha asilimia 40. Kuanzia 1971 za kawaida ni shaba na nikeli. Wataalamu wengi husifu zile za fedha kwa kuwa zimelainika na zinateleza bila kelele. Mimi naona za shaba na nikeli ndizo zinazofaa huku. Fedha na hewa ya bahari hazipatani, masonara wetu wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, na mchezo wangu unategemea mng'ao. Sarafu ikiingia kiganjani taratibu huku inang'aa, jicho la mtazamaji linabaki na ule mng'ao wa mwisho, na linaamini sarafu imebaki pale ilipoonekana. Kumbe imeshatoka. David Roth, bingwa wa Marekani wa viinimacho vya sarafu aliyefariki 2021, alikuwa akilifanya hili hadi mkono mtupu unauona umejaa. Sarafu iliyoingia weusi haimsaidii mtu kwa kazi hiyo.

Zulia sina la kulilaumu. Chini ni mpira usioteleza, juu ni kitambaa kizito chenye kujibonyeza kidogo, kwa hiyo kidole kinapata nafasi ya kuingia chini ya sarafu na kuinyanyua. Kwenye baraza la mawe na chokaa huwezi. Sarafu inalalia jiwe, unaikwangua kwa kucha, na kila ikigusa inalia, na sauti moja mahali pasipo pake inatosha kumwambia mtu ni sarafu ngapi ziko mkono gani. Kasoro yake ni mchanga wa Shela, unaoingia kwenye kitambaa na kukataa kutoka. Nalikung'uta kila nikimaliza na kulikunja upande wa kitambaa ukiwa ndani.

Sasa ganda. Ni sarafu iliyokombwa ndani na kutanuliwa kidogo, ukitazama kwa juu ni nusu dola kamili, na sarafu halisi inaingia chini yake. Sitaeleza zaidi, wenye kazi yao wanajua. Kwenye meza ya hoteli, wageni wakiwa wamekaa mbele yangu na taa iko juu, linafanya kazi nzuri ajabu. Lakini mimi ni mtu wa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, na watu ninaotaka waridhike zaidi ni wale wa daka.

Asiyelijua daka la nyumba ya Lamu nimweleze: ni kibaraza cha mlangoni, kina viti viwili vya mawe vinavyotazamana, na unayecheza unasimama au kukaa katikati yake. Huna upande wa mbele. Wazee kulia, wazee kushoto, na watoto wamechutama chini miguuni, macho yao yakiwa usawa wa magoti yako. Mtoto aliyechutama anaona chini ya ganda kabla hujalinyanyua. Tena huku hakuna anayekubali kutazama tu. Kila mmoja anaomba sarafu aishike, aigonge kwenye jiwe, aipitishe kwa jirani yake. Ganda huwezi kumpa mtu. Isitoshe, langu lilifika limebonyea ukingoni, na duka lililoniuzia lilikataa kunibadilishia.

Hapo hapo ndipo zinapopungukia video. Mwalimu ni hodari, anaeleza polepole na mikono yake ni ya kupendeza kuitazama, ila kila somo limepigwa kutoka mbele. Anafundisha kubana sarafu kwenye pindo la gumba, na kutoka mbele haionekani kabisa. Aliyeketi ubavuni anaiona yote. Kwa hiyo kwa daka nimeuacha mtindo huo, sarafu nailaza kwenye mashina ya vidole, cha kati na cha pete, vidole vimejikunja kidogo kama mkono unavyoning'inia wenyewe ukiwa umechoka. Hivyo inafichika pande zote mbili. Na nageuka kidogo kumwelekea wa kushoto wakati kazi inafanyika mkono wa kulia, huku nikimuuliza swali. Mtu akiulizwa swali humtazama usoni aliyemuuliza. Hilo, kwangu, lina thamani kuliko ganda zima.

Somo moja la video hizo, lakini, ningelilipia hata peke yake: kila unapotaka kujifanya umeihamisha sarafu, kwanza ihamishe kweli. Fanya hivyo mara nyingi, utazame kiwiko, bega na macho yako yanakwenda wapi, kisha uige hicho hicho huku sarafu imebaki. Na ujirekodi kwa simu, usitegemee kioo peke yake. Mbele ya kioo mtu hufumba macho pale pale anapodanganya, bila kujua, kwa hiyo kioo kinamwambia yuko sawa. Simu haifumbi. Mimi naiweka kwenye kiti cha mawe cha kulia, halafu cha kushoto, halafu sakafuni pale watoto wanapokaa, na sihesabu mchezo umekamilika mpaka pande zote tatu zikubali.

Jambo jingine la mkono: joto la kaskazi hutoa jasho, na jasho kidogo linashika sarafu vizuri. Kusi ikivuma na ukiwa umeosha vyombo kwa sabuni, ngozi inakauka na sarafu inadondoka. Tone la glisirini, ulisugue mpaka likauke, linatosha. Mafuta ya nazi yanatelezesha, usiyatumie.

Kuna swali ambalo muuzaji wa mbali hawezi kulifikiria, na huku linakuja kila mara. Ami mmoja alinitazama mchezo mzima kimya, kisha akaniita.

"Ndoo hapa, mwanangu. Hii ni sihiri au ni mkono?"

"Ni mkono, ami. Mazoezi tu, hakuna kitu kingine."

"Basi fanya kwa hizi zangu."

Akatoa shilingi ishirini mfukoni mwake. Nilizifanyia kazi, zikavuka, akacheka na kuniombea dua. Yuko sawa kuniuliza. Siku hizi natangulia kusema wazi kwamba hiki ni kiinimacho na wepesi wa vidole, kabla ya kutoa hata sarafu moja, na sioni kama mchezo unapungua utamu. Watu wakishajua hakuna jini wala hirizi wanastarehe na kutazama kwa furaha. Ila sarafu ya kigeni inawatia shaka, wanahisi imetengenezwa. Kwa baraza naazima zao. Nusu dola nazitumia kwa mazoezi na kwa wageni.

Vyote vilinigharimu shilingi elfu kumi na kitu, pamoja na nauli ya kifurushi hadi Mokowe na boti ya kuvuka. Duka linauza vitu hivi pia kimoja kimoja, na mwenzangu wa pwani anayeanza ningemwambia achukue sarafu na zulia, video akipata nafasi, ganda aliache mpaka awe na meza yake na watazamaji wa mbele.

Mimi sasa natafuta senti kumi za zamani za Afrika Mashariki, zile za shaba zenye tundu katikati. Upana wake unakaribia nusu dola, na wazee wetu wote wanazijua kwa kuzishika. Mwenye nne zisizopishana sana kwa kuchakaa, awe Lamu, Faza au Malindi, aniambie bei yake.