Programu ya ofisi kwa kompyuta ya nyumbani: ipi uchukue ukiwa Mtwara au Lindi

Nunua laptopu iliyotumika mjini Mtwara, na swali la fundi litakuwa, "Nikuwekee Ofisi?" Ukiitikia, kuna uwezekano mkubwa ukapewa Microsoft Office (kifurushi chenye Word ya kuandikia na Excel ya mahesabu) iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kinga ili isilipiwe. Hiyo siipi nafasi yoyote kwenye orodha yangu ya tano hapa chini. Kuikraki mara nyingi huanza kwa kuzima antivirusi, na virusi havingoji kukaribishwa mara mbili. Tena wengi bado wanawekewa Office 2016 au 2019, ambazo Microsoft iliacha kuzihudumia Oktoba 14, 2025.

Kabla ya kuchagua, jiulize hati zako zinaishia wapi. Mwalimu wa Newala anayetunga mtihani, mwekahazina wa kikoba kule Mikindani, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) Tandahimba msimu wa korosho: kazi zao zote zinaishia steshenari, na kompyuta ya steshenari ina Word. Kwa hiyo nimepima mambo mawili. Je, hati itafunguka kule bila jedwali kuvurugika? Na je, programu itafanya kazi bando likiisha?

1. LibreOffice

Kwa watu wengi wa nyumbani, jibu ni hili. Ni ya bure kabisa, haina matangazo, haihitaji intaneti ikishawekwa. Faili lake linazidi MB 300, lakini likipakuliwa mara moja unaruhusiwa kumgawia jirani kwa flashi, na hapo hakuna wizi wowote. Ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili pia. Mizizi yake ni OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 na kuiita Jambo OpenOffice. LibreOffice yenyewe ilijitenga mwaka 2010.

Kasoro yake ni kwamba huhifadhi hati kwa mfumo wake wa ODT, na kijana wa steshenari akiiona anakunja uso. Fungua Tools, kisha Options, kisha Load/Save, uchague ihifadhi kwa mfumo wa Word daima. Ukiwa hapo hapo, punguza muda wa kuhifadhi kwa dharura kutoka dakika 10 hadi 2. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) ataelewa kwa nini umeme ukikatika. Na kitu cha kuprinti tu kipeleke kikiwa PDF. Kitufe chake kiko juu, na PDF haivurugiki.

Kama mashine yako bado ina Windows 7 au 8, toleo la 25.8 na yanayofuata hayaingii. Tafuta la zamani kwenye tovuti yao.

2. OnlyOffice

Nayo ni ya bure. Sura yake inafanana mno na Word, na mfumo wake wa kawaida ni DOCX, ule ule wa Word. Kama hati inakwenda na kurudi kati yako na mkuu wa shule mara nyingi, kila mmoja akirekebisha, iweke hii nafasi ya kwanza. Kwa mashine yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ndogo, jaribu kwanza.

3. Google Docs

Inajihifadhi yenyewe kila unapoandika, na kamati ya harusi inaweza kujaza bajeti moja, huyu akiwa Lindi, yule Nachingwea. Unapata GB 15 bure, ila zinagawanywa na Gmail pamoja na picha zako. Unaweza kuitumia bila mtandao kwa Chrome, lakini lazima uwashe uwezo huo mtandao ukiwapo, na wengi hukumbuka wakishachelewa.

4. Microsoft 365

Hii ndiyo Word halisi, na TB 1 ya kuhifadhia mtandaoni. Unalipia kila mwezi au mwaka, kwa kadi inayokubali malipo ya mtandaoni. Ukiacha kulipa, unabaki kusoma hati bila kuzihariri. Nunua kama unaishi kwa Excel, au mwajiri analipa. Usipotaka kulipa, Word ya kwenye kivinjari ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft, ila inakula bando.

5. WPS Office

Wengi wanayo kwenye simu, na kwa kufungua kiambatisho inatosha. Kwenye kompyuta, baadhi ya kazi za PDF zinadai malipo.