Darasa la kuogelea Mbezi Beach: tathmini ya mama aliyekulia Unguja

Huduma ninayoitathmini hapa ni darasa la kuogelea la watoto linaloendeshwa asubuhi za Jumamosi na Jumapili katika bwawa la hoteli moja ya Mbezi Beach, Dar es Salaam. Jina la hoteli sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko kadhaa ambayo, kwa nilivyozungumza na wazazi wenzangu, yanayahusu madarasa mengi ya aina hii jijini na si hilo peke yake. Wanangu wawili, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka saba, wamesoma hapo muhula mzima na bado wanaendelea. Ada ni shilingi 20,000 kwa kila mtoto kwa kipindi cha dakika 45, hulipwa kwa mwezi, na kipindi alichokosa mtoto hakifidiwi hata kama alikuwa kitandani anaumwa.

Mama yangu, ambaye bado anaishi Malindi, Unguja, aliposikia kiasi hicho kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Pwani ipo, haina mlango wala mlinzi, nyinyi mnalipa pesa mtoto akakoge?" Swali lake ni la haki, na sidhani kama linajibika kwa kusema tu kwamba Dar ni jiji kubwa. Ili mtu ajue kama huduma hii ina thamani ya fedha yake, hana budi kwanza aangalie kwa makini kile ambacho kisiwa kilitupa bure, na kilimpa nani.

Malindi ipo kando ya bandari, na mtoto wa mtaa ule alijua kama maji yamejaa au yamekupwa bila kwenda kuyatazama, kwa harufu tu na kwa kelele za wachukuzi. Ndugu zangu wa kiume walitoka chuoni, yaani madrasa, alasiri, wakavua kanzu, na maji yakiwa makubwa walikwenda Forodhani kuchupa kutoka ukutani. Mchezo huo ndio unaoitwa makachu leo, na vijana wanaoupiga wamekuwa kivutio cha watalii wenye kamera. Zamani zile ulikuwa ni ushindani wa watoto wa mtaa na mtaa. Mwalimu hakuwepo. Mkubwa alimsukuma mdogo, mdogo akatapatapa, akanywa maji ya chumvi, na akija juu alikuwa tayari ameshaanza kuelea. Usimamizi, hata hivyo, ulikuwepo, tena mkali kuliko wa bwawa lolote nililowahi kuliona, kwa kuwa muuza kahawa, baharia na mpita njia wote walikuwa na ruhusa isiyoandikwa ya kukuzaba kofi la mgongo na kukurudisha nyumbani, ambako kofi la pili lilikuwa linakusubiri. Adhana ya magharibi ilipoanza, maji yalibaki matupu.

Hao, lakini, ni wavulana. Sisi wasichana tulikaa juu ya ukuta tukawashikia nguo. Bahari yetu ilikuwa ni ile iliyokupwa, ambayo mtu huifuata kwa miguu akiokota kauri na makombe, nguo ikiwa imekunjwa hadi magotini. Na siku za sikukuu, tulipopelekwa Mangapwani au Fumba, tulikoga na nguo zetu pale ambapo maji hayavuki kiuno. Kwa hiyo wapo wanawake wengi wa rika langu waliozaliwa penye maji pande zote nne na wakafika utu uzima bila kuweza kuvuka hatua kumi za kina. Watu wakisifu utoto wa kisiwani, na mimi huusifu kila nikipata nafasi, hilo huachwa nje ya masimulizi. Siku hizi mambo yanabadilika: huko Nungwi, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya stara, na picha za mafunzo hayo zimezunguka dunia. Sisi hatukuwa na kitu kama hicho.

Ipo pia sababu ya pili, nzito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Sidai kwamba somo la kuogelea lingewaokoa watu waliokuwa gizani katika mkondo wa Nungwi, ambao unawashinda hata wavuvi. Lakini tangu misiba hiyo sijaweza tena kukubali maneno ya kwamba mtoto wa pwani hujifunza bahari mwenyewe. Bara nako si salama kwa kuwa mbali na chumvi. Waliopoteza jamaa zao katika MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, Ziwa Victoria, wanalijua hilo kuliko mimi.

Sasa nirudi bwawani. Jambo la kwanza ninalolisifu bila masharti ni mwalimu wa wanaoanza, mwanamke kijana mwenye subira isiyo ya kawaida. Hamwingizi mtoto majini kwa haraka. Humkalisha ukingoni, akamfundisha kupuliza mapovu, kisha kuzamisha kidevu, kisha pua. Mwanangu wa kiume nyumbani hulia akioshwa kichwa, kwa hofu ya sabuni kuingia machoni. Mwalimu huyu alitupa sarafu ya shilingi 200 kwenye kina kifupi na kumwambia kwamba akiitoa mwenyewe ni yake. Alizama, akaibuka mikono mitupu, akazama tena akiwa amefumbua macho, akaibuka nayo ameibana kwenye meno. Sarafu hiyo hajaitumia mpaka leo. Huo ni ualimu, na ukiulinganisha na kusukumwa kutoka ukutani Forodhani, mimi nachagua sarafu.

Jambo la pili ni kwamba binti yangu alikwenda na vazi la kuogelea linalofunika mikono, miguu na nywele, na hakuna aliyemuuliza kitu. Nalitaja kwa sababu si kila bwawa la hoteli linakubali. Anasoma mbele ya mwalimu wa kike, pamoja na wavulana na wasichana wa umri wake, na amefika mahali ambapo mimi katika umri huo nilikuwa nimeshika rundo la kanzu za watu. Kama ningelazimika kumjibu mama yangu kwa sentensi moja, ningemwambia kuwa nalipa ili mjukuu wake ayazoee maji kabla hajatokea mtu wa kumwambia kuwa amekuwa mkubwa, akae juu.

Kasoro ndogo nitazipitia haraka. Tangazo linasema watoto sita kwa mwalimu mmoja, lakini Jumamosi mwalimu mmoja asipofika, wanakuwa kumi au zaidi na hakuna anayerudishiwa chochote. Chumba cha wasichana cha kubadilishia nguo kina kitasa kisichofunga. Klorini huzidi siku nyingine mpaka macho ya watoto yanakuwa mekundu kutwa nzima. Juisi inayouzwa kando ya bwawa ina bei ya wageni wa hoteli, na mtoto aliyetoka majini hasikii la mtu mpaka aipate.

Kasoro inayonikera zaidi kidogo ni kuandikishwa kwa watoto wadogo mno. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wafundishwe kuogelea na usalama wa majini wakiwa wamepita umri wa miaka sita. Shirika hilo lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, ambao kinga yao kubwa ni uzio na jicho la mtu mzima. Katika darasa hili wapo watoto wa miaka mitatu waliovishwa maboya ya kujaza upepo mikononi, wanaelea kwa furaha, na wazazi wao wako mezani wanatazama simu. Boya likivuliwa, mtoto huyo anabaki na ujasiri wa kuingia majini bila uwezo wa kutoka. Ada inapokelewa, watoto wanafurahi, na hakuna anayetaka kuharibu biashara kwa kusema hivyo.

Dosari kubwa ni bahari yenyewe. Bwawa hili liko hatua chache tu kutoka Bahari ya Hindi. Ukisimama ukingoni unaisikia. Hata hivyo, muhula wote ulipita bila darasa kuvuka ule ukuta mfupi unaotenganisha hoteli na ufukwe, na bila mtu yeyote kuwatajia watoto habari ya maji kujaa na kupwa. Matokeo yake niliyaona Coco Beach, nilipowapeleka wanangu jioni moja. Binti yangu aliingia hadi maji ya kifua, akalala, akaanza kuogelea sambamba na ufukwe kwa mtindo huru uliopangika vizuri kabisa, kichwa kikigeuka kwa zamu kama alivyofundishwa. Alipofikisha umbali anaouzoea alinyoosha mkono mbele kushika ukingo. Ukingo haukuwepo. Wimbi likamwingia mdomoni, akasimama akikohoa, akanitazama kwa hasira kana kwamba ni mimi niliyekosea: "Mama, hapa hakuna pa kushika!"

Hilo ndilo pengo. Bwawani kila safari ina ukuta mwisho wake, na mtoto huzoea kwamba kuchoka kuna dawa ya karibu. Kaka zangu hawakujua mtindo wowote wenye jina, lakini waliochoka walilala chali, wakaiacha mikono, wakasubiri wimbi liwapeleke. Walijua kwamba bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwamba pwani ya Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hukaribia mita 4, na kwamba wakati wa maji kupwa mkondo unaokwenda nje hauna mjadala na mtu. Mtoto wa Paje au Jambiani, ambako bahari hukimbia mbali mpaka karibu na mwamba, anajua pia kwamba inaporudi hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, na ndiyo maana akina mama wanaochokoa pweza hawasubiri kuona maji ili waanze kurudi. Wanangu wanajua majina ya mitindo minne ya kuogelea. Kuelea mahali pamoja kwa dakika tano, wima au chali, hawakufundishwa mpaka nilipoomba.

Nilimweleza mkuu wa darasa, naye alinijibu kwa adabu: "Mama, baharini siwezi kuwadhamini. Sina mwokoaji wala boti." Jibu hilo nimeliheshimu, na ni afadhali mara mia mtu anayekataa kuliko anayewakokota watoto ishirini mawimbini kwa ajili ya picha. Lakini somo la bahari halihitaji kulowa. Nusu saa ufukweni na jedwali la maji kujaa na kupwa, watoto wakaonyeshwa maji yalipofika asubuhi na yatakapofika mchana, na kwa nini kesho yatachelewa kwa karibu dakika 50, ingegharimu kofia ya jua tu. Kuanzia mwezi wa pili alikubali kutenga dakika kumi za kuelea mwishoni mwa kipindi, nami namshukuru kwa hilo. La ufukweni bado tunavutana.

Gharama ambayo haimo kwenye risiti ni asubuhi yenyewe. Kisiwani mtoto alikwenda pwani kwa miguu yake, na aliyekuwa naye majini ndiye aliyekuwa naye skuli, chuoni na kwenye harusi za mtaani. Hapa tunafunga mikanda, tunaingia Barabara ya Bagamoyo, na foleni ikituvizia Mwenge, kipindi cha dakika 45 kinakula nusu siku. Mwanangu ameshirikiana ubao wa sponji na kijana mmoja kwa muhula mzima na hajui anakaa wapi. Darasa haliwezi kulaumiwa kwa hilo, kwani halikuahidi kuuza mtaa. Ila mzazi aliyelelewa kama mimi na kudhani kuwa ananunua utoto wake mwenyewe kwa ajili ya wanawe atasikitika. Kinachouzwa hapa ni stadi, inauzwa kwa ubora wa wastani kuelekea mzuri, na inauzwa kwa msichana sawasawa na mvulana, jambo ambalo pwani yetu ya bure haikulifanya.

Kwa hiyo mtoto aliyetimiza miaka sita napendekeza apelekwe, na wa miaka mitatu abaki nyumbani. Anayetaka kuandikisha achague Jumamosi, kwa sababu mwalimu wa kike Jumapili hayupo, na kabla ya kulipa aulize kwa maneno yaliyo wazi ni watoto wangapi watakuwa kwa mwalimu mmoja na kama kuelea kumo katika ratiba. Aje na taulo zake, kwani za hoteli zinalipiwa, na atoke nyumbani mapema ili afike kabla ya saa tatu, maegesho yasije yakajaa. Lango la kutokea ufukweni liko upande wa kushoto wa baa na hufunguliwa saa mbili asubuhi. Mlinzi wake hana neno ukimwambia kuwa unawapeleka watoto kuangalia maji yamefika wapi.