Nairobi Safari Walk kwa Mpenda Ndege

Wengi wanaofika Nairobi Safari Walk, kwenye lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi katika barabara ya Lang'ata, huja kuwatazama simba, faru mweupe na bongo walioko nyuma ya ua. Mimi ninapapendekeza kwa ajili ya viumbe ambao hakuna aliyewafungia: ndege wa porini, wanaoingia na kutoka wapendavyo. Ndani ya mbuga yenyewe mgeni haruhusiwi kushuka garini ila katika sehemu chache zilizotengwa, kwa hiyo asiye na gari hana lake huko. Hapa anatembea kwa miguu juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini, akipita ardhioevu, msitu na savana.

Kuinuliwa huko ndiko kunakoipa njia hii thamani. Mtu akisimama juu ya matete wakati wa mvua, mnana dume humwonekea waziwazi hata bila darubini: hulibana jani refu kwa mguu, hulipenyeza na kulivuta kwa mdomo, kisha huning'inia chini ya kiota akipigapiga mabawa ili jike aje kukagua. Jike akikikataa, dume hukibomoa na kuanza upya.

Msituni subira inahitajika zaidi. Shorobo, ambaye yuko pia katika msitu wa Karura na bustani ya miti ya Arboretum, zote za hapa Nairobi, ana rangi ya buluu na kijani inayopotea kabisa katika majani, lakini anaporuka hukunjua mabawa mekundu sana, na wekundu huo hutokana na rangi yenye madini ya shaba iliyomo ndani ya unyoya wenyewe. Karura, msitu wa hekta zipatazo 1,000, humpa mtembeaji uhuru mkubwa zaidi, ila huko ndege wengi hukaa juu mno na shingo huchoka upesi.

Ni vyema kwenda siku ya kazi, mara lango linapofunguliwa, kabla ya makundi ya wanafunzi kuwasili. Watoto wana haki ya kufurahi, lakini ndege hunyamaza. Kati ya Oktoba na Aprili huongezeka ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia, keremkerem wakiwamo. Malipo hufanywa kwa mtandao, si kwa fedha taslimu, na raia hutozwa kiasi kidogo kuliko mgeni.